Sababu sita za Mkongomani kufika Zanzibar, na mchanga mweupe si ya kwanza

Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024. Wengi walitoka Ulaya, na wengi walifuata kile kinachoonekana kwenye matangazo: jua, mchanga mweupe na maji ya samawati. Mkaaji wa Bukavu, Uvira, Kalemie, Kindu au Kasongo ana sababu nyingine ya kwenda huko, na hiyo haimo kwenye matangazo. Kisiwa hicho ni mwisho wa njia iliyoanzia kwao.

Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilivuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema mpaka mto Lualaba, ikarudi na pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili mashariki mwa Kongo. Kwa hiyo Mkongomani anayeshuka bandarini Unguja hafiki ugenini kabisa, hata kama ni mara yake ya kwanza kuona bahari.

Safari yenyewe si ndoto kama zamani. Wafanyabiashara wa Kivu na Katanga huenda Dar es Salaam mara kwa mara kupokea makontena yao, na kutoka Dar es Salaam mpaka Unguja ni kama saa mbili kwa boti ya kasi. Tangu 2022, Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Tanzania. Hata hivyo, wengi humaliza mambo ya forodha wakageuza nyumbani bila kuvuka maji hayo. Hizi hapa sababu sita za kuongeza siku tatu au nne kwenye safari hiyo.

1. Mkunazini, mahali watu walipouzwa

Kituo cha kwanza kiwe Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe. Hapo palikuwa soko la watumwa la Zanzibar. Leo pamesimama kanisa kuu la Anglikana, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Altare iliwekwa mahali ambapo, kwa mapokeo ya hapo, watumwa walifungwa na kupigwa viboko. Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu za watu watano wenye minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs kutoka Sweden. Minyororo hiyo ni ya kweli, ya wakati ule.

Watu waliopita hapo walitoka sehemu nyingi: wengi kando ya Ziwa Nyasa na kusini mwa Tanzania ya leo, wengine Maniema. Neno "Wamanyema" linajulikana Tanzania mpaka leo. Kuna wazao wao Ujiji, Tabora, Bagamoyo na Dar es Salaam, familia ambazo mababu zao walitoka ng'ambo ya Tanganyika, wengine wakiwa watumwa, wengine wakiwa wapagazi au askari wa misafara.

Kuna jambo moja ambalo Mkongomani anapaswa kulibeba moyoni akiwa Mkunazini. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone alikuwa kwenye soko la Nyangwe, kando ya Lualaba, katika jimbo la Maniema la leo. Mbele ya macho yake, watu wa wafanyabiashara wa pwani walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa wanawake waliokuja kuuza samaki, chumvi na kuku. Mamia walikufa, wengi wakizama mtoni walipojaribu kukimbia. Barua zake kuhusu mauaji hayo zilifika Uingereza mwaka uliofuata, zikawasha hasira. Serikali ya Uingereza ilimbana Sultani Barghash, na Juni 1873 akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa.

Kwa maneno mengine, damu ya wanawake wa Nyangwe ni miongoni mwa mambo yaliyofunga soko la Mkunazini. Ndani ya kanisa kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa Chitambo, nchini Zambia, pale moyo wa Livingstone ulipozikwa. Wanawake wa Nyangwe hawana msalaba hapo. Mgeni anayetoka Kongo ndiye anayeweza kufika na kuwakumbuka.

2. Nyumba ya Tippu Tip, jina linalojulikana Kasongo

Dakika chache kwa miguu kutoka Mkunazini, katika mtaa wa Shangani, kuna nyumba ya zamani yenye mlango mkubwa wa mbao uliochongwa. Ilikuwa ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana Kongo yote kwa jina la Tippu Tip.

Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Alifanya Kasongo kuwa makao yake, akatawala biashara ya pembe na watumwa katika eneo kubwa la Maniema. Mwaka 1887, Stanley alipatana naye hapo hapo Zanzibar, akafanywa liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa jina la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Mtu ambaye Ulaya ilimlaani kama mfanyabiashara wa watumwa aliajiriwa na mfalme wa Ulaya aliyedai kwamba anakuja Kongo kukomesha utumwa. Anayetaka kuelewa jinsi Kongo ilivyogawiwa na wenye nguvu anaweza kuanza masomo yake mbele ya mlango huo.

Makubaliano hayo hayakudumu. Kati ya 1892 na 1894 jeshi la Leopold lilipigana na watu wa pwani, Nyangwe na Kasongo zikaanguka, na Sefu, mwana wa Tippu Tip, akafa vitani. Baba yake alikuwa amekwisha kurudi Zanzibar. Huko aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, moja ya vitabu vya kwanza vya aina hiyo katika lugha yetu, na huko akafa mwaka 1905.

3. Kiswahili cha kwetu mbele ya Kiswahili cha kwao

Mwaka 1928, wakuu wa elimu wa makoloni ya Uingereza Afrika Mashariki walikutana Mombasa, wakachagua Kiunguja, lahaja ya mji wa Zanzibar, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Ndicho kinachosikika kwenye redio za kimataifa na kusomwa vitabuni. Kiswahili cha Kongo kilifuata barabara nyingine. Kilikuja na misafara, kikaitwa Kingwana kutokana na neno waungwana, kisha kikaenea kupitia misheni, masoko na migodi ya Katanga. Leo ni moja ya lugha nne za taifa zinazotajwa katika Katiba ya Februari 2006, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba.

Zanzibar ni mahali pazuri pa kupima umbali kati ya ndugu hawa wawili. Ukiagiza sombe hotelini, mpishi anaweza kukutazama tu: kwao ni kisamvu. Lengalenga ni mchicha. Kikwembe chenye maandishi ni kanga, na kanga huuzwa vipande viwili pamoja, na maneno yake husomwa kwa makini, kwa sababu mwanamke anaweza kumjibu jirani yake kwa kanga bila kufungua kinywa. "Jambo", salamu ya kila asubuhi Bukavu na Goma, kule imebaki zaidi kuwa salamu ya kuwaambia watalii. Mkubwa huamkiwa "shikamoo", naye hujibu "marahaba". Asiyeamkia wakubwa huonekana hana adabu.

Wakongomani wengi huona haya kusema mbele ya watu wa pwani, wakidhani Kiswahili chao ni kibovu. Hakuna sababu. Ni lahaja yenye historia yake, na wakaaji wa Unguja hucheka kidogo, kisha huuliza, "Wewe watoka wapi?" Swali hilo ndilo mwanzo wa mazungumzo ambayo mtalii wa Ulaya hawezi kuyapata kwa dola zake zote.

4. Mji Mkongwe na mambo ya mezani

Mji Mkongwe uliingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba gari haliwezi kupita, na kupotea ndani yake ni sehemu ya matembezi. Kuna misikiti, makanisa, hekalu za Wahindi na milango ya mbao iliyochongwa, mingine na misumari mikubwa ya shaba. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, linaonyesha pia kwamba mji huu unahitaji matunzo: sehemu yake ilibomoka Desemba 2020.

Jioni, watu hukusanyika Forodhani, kwenye bustani inayotazama bahari. Hapo kuna pweza wa kuchoma, mishikaki, urojo wenye ukwaju na bajia ndani yake, na maji ya miwa yaliyokamuliwa papo hapo na ndimu na tangawizi. Bei iulizwe kabla ya kula. Vijana wanaomfuata mgeni wakimtafutia hoteli na magari huitwa mapapasi, na neno "sitaki, ndugu yangu" kwa Kiswahili huwamaliza upesi kuliko Kifaransa.

Nje ya mji, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi huonyesha karafuu, mdalasini, iliki, vanila na pilipili manga. Watoto huonja majani na kukisia jina, na hufurahi. Lakini mashamba ya karafuu ya karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na kati ya mikono iliyochuma karafuu hizo imo iliyotoka upande wetu. Dhoruba ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Tangu hapo kisiwa cha Pemba ndicho kinachoongoza kwa zao hilo.

5. Bahari, mwani na dagaa zinazokuja Kongo

Mtu aliyekulia kando ya Kivu au Tanganyika anajua maji makubwa. Asichokijua ni maji yanayoondoka. Katika pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, bahari hupwa mara mbili kwa siku na kurudi nyuma mbali sana, mtu akaweza kutembea karibu mpaka kwenye miamba ya matumbawe. Saa chache baadaye maji yamejaa tena. Anayetaka kuogelea saa yoyote afadhali aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayaondoki sana.

Wakati wa maji kupwa, wanawake huingia baharini kulima mwani, wakiufunga kwenye kamba zilizonyoshwa kati ya vijiti. Kilimo hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 na kiliwapa wanawake wengi wa vijijini feza yao ya kwanza mikononi. Leo maji yanayozidi kuwa ya joto yanaua mwani karibu na ufuo, na wengi wanalazimika kutafuta maji ya kina zaidi, wakati wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Mama anayeuza sambaza Kituku au Kadutu angewaelewa mara moja.

Na kuna kiungo cha karibu zaidi. Usiku, wavuvi wa Unguja hutoka na taa kuvutia dagaa, kama wavuvi wa sambaza wa Kivu na wavuvi wa ndagala wa Tanganyika. Wote huchukia mbalamwezi. Asubuhi dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa juani kwenye pwani ya magharibi ya kisiwa, na sehemu kubwa ya dagaa hizo kavu hununuliwa na wafanyabiashara wa Kongo. Njia iliyowahi kuwapeleka watu pwani kwa minyororo, leo inaleta gunia la dagaa bara, na mwenye gunia analipwa.

6. Jozani, somo kwa wenye Kahuzi-Biega na Virunga

Kilomita kama 35 kutoka mjini kuna msitu wa Jozani, sehemu ya mbuga ya taifa ya Jozani-Chwaka Bay iliyotangazwa mwaka 2004. Ndani yake anaishi kima punju, mnyama mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe kichwani, ambaye asili yake ni Unguja na si pengine popote duniani. Wamezoea watu, na hukaa kwenye matawi hatua chache kutoka kwa wageni.

Mkongomani anaweza kusema: kwetu kuna sokwe wakubwa, kima ni nini? Ana haki. Virunga iko katika urithi wa dunia tangu 1979, Kahuzi-Biega tangu 1980, na Jozani ni ndogo sana mbele yake. Kinachofaa kutazamwa Jozani ni mpango wake na wanakijiji. Kima hao hula mazao ya mashamba ya jirani, na zamani wakulima waliwachukia. Ndipo ikapangwa kwamba sehemu ya feza za mlangoni irudi vijijini, kwa shule, zahanati na maji, na kwa wakulima walioharibiwa mazao. Mnyama aliyekuwa adui wa shamba akawa na faida kwa mwenye shamba.

Si kila kitu ni kamilifu, na kisiwa kisicho na vita hakiwezi kulinganishwa moja kwa moja na Kivu. Lakini swali ambalo wakaaji wa Kalehe, Kabare au Rutshuru wanauliza kila mwaka, "mbuga inatupatia sisi nini?", huko limepewa jibu ambalo mtu anaweza kulisoma kwenye ukuta wa shule.

Kabla ya kufunga mizigo

Pasipoti lazima. Kuhusu viza, masharti hubadilika, kwa hiyo afadhali kuuliza ubalozi wa Tanzania Kinshasa mapema. Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano huombwa kwa kila anayetoka Kongo. Hata anayefika kutoka Dar es Salaam kwa boti atapitia ukaguzi wa pasipoti bandarini Zanzibar. Tangu 1 Oktoba 2024, wageni wanaotoka nje ya Tanzania hutakiwa kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Bei iliyotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44.

Kutoka Lubumbashi, barabara hupita Zambia na Tunduma. Kutoka Kivu, mabasi hupita Rwanda mpaka Rusumo. Kutoka Kalemie na Uvira, boti za ziwa hufika Kigoma, na kutoka Kigoma reli ya kati, iliyofika ziwani mwaka 1914, hupita Tabora ikifuata karibu njia ile ile ya misafara. Njia ipi iko wazi hutegemea hali ya usalama, na mipaka imewahi kufungwa ghafla. Msafiri aulize walioenda wiki iliyopita, si walioenda mwaka jana.

Miezi ya Juni mpaka Oktoba ni ya ukavu na inalingana na likizo kubwa ya wanafunzi, lakini bei hupanda. Machi mpaka Mei ni masika: mvua nyingi, vyumba vya bei ya chini. Wakaaji karibu wote ni Waislamu. Mavazi ya ufuoni yabaki ufuoni, na wakati wa Ramadhani hakuna kula wala kunywa barabarani mchana.

Njia iliyokatwa katikati

Tangu 2006, Tanzania imeweka njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha yake ya maeneo inayotaka yaingie katika urithi wa dunia. Orodha hiyo inaanzia Bagamoyo na kupita Mpwapwa na Kwihara, karibu na Tabora, mpaka Ujiji. Hapo inakoma, kwa sababu ng'ambo ya ziwa ni nchi nyingine.

Misafara haikukoma Ujiji. Ilipanda mitumbwi, ikashuka upande wa Kongo, ikaendelea mpaka Kasongo na Nyangwe. Upande huo wa njia hakuna atakayeuandika kwa niaba ya Wakongomani. Zanzibar wamejenga ukumbusho, wameweka waongozaji, wameandika bei mlangoni, na kila siku wageni wa dunia nzima husimama pale na kusikia habari za watu waliotoka "bara". Neno hilo "bara" lina majina ya vijiji, mito na koo ndani yake. Mwongozaji wa Mkunazini akifika hapo katika maelezo yake, mgeni kutoka Maniema anaweza kunyanyua mkono na kuyataja.